Shangazi, wakala anasema nijaze "Hapana"

Nilitazamia barua za kodi mwezi huu. Badala yake mmeniletea bima, na karibu wote mnauliza jambo moja kwa sura tofauti: nina bima yangu ya maisha, kaja mtu anataka niiache nichukue yake, nifanyeje? Kwa wageni wa safu hii, mimi ni mtu wa Tanga niliyeuza bima ya maisha hapa Des Moines, Iowa, kwa miaka 19, mpaka magoti yalipokataa ngazi za maghorofa ya watu. Mji huu na bima ni kama Tanga ya utoto wangu na katani: kila ukoo una mtu ambaye riziki yake inatoka humo. Kodi itasubiri toleo lijalo.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi msaidizi, zamu ya usiku, hapa hapa Des Moines. Nina miaka 44. Mwaka 2013 nilikata bima ya maisha yote ya dola 100,000, nalipa dola 95 kwa mwezi. Juzi kaka mmoja tunayesali naye alikuja nyumbani na kompyuta yake. Akasema bima yangu "imelala", pesa zinaozea humo, nichukue mpya inayofuata soko la hisa: soko likipanda na yenyewe inapanda, likishuka yenyewe haishuki. Malipo ni dola 180. Tulipofika kwenye swali kama nina bima nyingine, akasema, "Dada, hapo tujaze Hapana. Tukijaza Ndiyo makaratasi yanazidi, na kampuni yako itakusumbua kwa simu." Sijasaini bado. Je, ni makaratasi tu? — Mama wa Zamu ya Usiku

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa hujasaini, tunaweza kuongea bila kukimbizana.

Si makaratasi tu. Hilo swali dogo lenye vijisanduku viwili ndilo mlango wa kanuni nzima ya kubadilisha bima. Marekani haina mamlaka moja ya bima kwa nchi yote. Tangu sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945, kila jimbo linasimamia bima zake. Ila makamishna wa majimbo wana jumuiya yao, NAIC, iliyoanza mwaka 1871 na yenye makao yake Kansas City, na huko hutungwa kanuni za mfano ambazo majimbo huzichukua, mengine nzima nzima, mengine kwa kuzipunguza hapa na kuziongeza pale. Kanuni ya kubadilisha bima za maisha na anuiti (mikataba ya kampuni za bima ya kukulipa kipato kwa vipindi, hasa uzeeni) iliandikwa upya mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kashfa za makampuni makubwa ambayo mawakala wake walikuwa wanakamua akiba inayojikusanya ndani ya bima za wateja ili wauze nyingine. Iowa ni mojawapo ya majimbo yanayoifuata.

Inavyofanya kazi ni hivi. Wakala akikuandikia maombi, lazima apeleke kwa kampuni yake tamko mlilosaini wote wawili, wewe na yeye, linalosema kama una bima nyingine au huna. Ukisema huna, wajibu wake kuhusu kubadilisha bima umekwisha pale pale. Kanuni yenyewe inamruhusu aende zake. Ndiyo maana anaipenda hiyo "Hapana".

Ukisema unayo, mambo yanageuka. Kabla hamjamaliza maombi lazima akupe notisi maalumu na akusomee kwa sauti. Notisi hiyo inauliza maswali mawili ya wazi: je, unafikiria kuacha kulipia, kuvunja au kusitisha bima uliyonayo? Je, unafikiria kutumia pesa zilizomo kwenye bima ya zamani kulipia mpya? Ukijibu ndiyo kwa lolote, anaorodhesha bima hizo moja moja: jina la kampuni, jina la aliyekatiwa, namba ya bima kama ipo, na kama inaachwa au inachotwa pesa. Kuna na mstari wa kueleza sababu ya kubadilisha. Mnasaini wote wawili, nakala inabaki kwako. Kampuni mpya ikipokea maombi hayo ina siku tano za kazi kuijulisha kampuni yako ya sasa. Kampuni yako nayo, ikipata taarifa, ina siku tano za kazi kukuandikia kwamba una haki ya kupewa hesabu za bima yako, na ukiziomba ina siku tano nyingine za kazi kukupa.

Hizo ndizo "simu za usumbufu". Ni kampuni inayokwambia: kabla hujaondoka, hiki ndicho ulichonacho.

Kumshauri mteja ajibu hapana ili kampuni ya zamani isipate taarifa kumeandikwa humo kwa maneno hayo hayo kama mfano wa kuvunja kanuni. Hakuna haja ya kutafsiri wala kupapasa. Kaka yako wa kanisani ama hajaisoma, ama ameisoma.

Nitakwambia kwa nini nina ukali. Mwaka wangu wa pili kazini, aliyekuwa akinisimamia alinifundisha somo hilo hilo. Nilikuwa na mteja dereva wa lori, mzee wa Moshi, mcheshi, bima yake ya zamani ina miaka tisa. Nilijaza Hapana kwa mkono wangu, yeye akasaini kwa kuniamini. Maswali ya afya nikayasoma mbio mbio. "Presha?" Akasema, "Ah, ya kawaida tu," akacheka, nikapita. Bima ya zamani akaiacha mwezi uliofuata. Miezi 14 baadaye alianguka kwenye kituo cha mafuta huko Nebraska, hakuinuka. Kampuni mpya ikachimba rekodi za hospitali, ikakuta alikuwa anameza dawa za presha tangu zamani, ikakataa madai na kumrudishia mjane malipo ya miezi 14. Bima ya zamani ilikuwa imeshavuka kipindi cha kuchimbwa. Ingelipa. Nilikwenda kumweleza yule mama mwenyewe, akanikaribisha, akanipikia chai. Hakusema neno baya hata moja. Ile chai haijashuka mpaka leo.

Kwa hiyo sikia kuhusu miaka miwili. Bima mpya nyingi huipa kampuni miaka miwili ya mwanzo kurudi nyuma na kupima ulichosema kwenye maombi. Ikikuta kosa la maana inaweza kukataa kulipa. Kifungu cha kujiua nacho huanza upya. Kama bima mpya inatoka kampuni ile ile au kampuni dada yake, kanuni inataka uhesabiwe muda uliokwisha kukaa kwenye ya zamani, hadi kiasi cha bima ile ya zamani. Ukihamia kampuni ya watu wengine, saa inaanza sifuri. Wewe saa yako ilishapita tangu 2015. Unataka kuianzisha tena ukiwa na miaka 44, na mwili wa zamu ya usiku?

Sasa pesa. Kwa miaka 12 umeshalipa kama dola 13,680. Sehemu kubwa ya gharama za kuanzisha bima yako, kamisheni ya aliyekuuzia ikiwemo, ilishakatwa zamani. Sasa ndipo akiba inapoanza kunenepa. Bima mpya itaanza na gharama zake upya. Bima za aina anayokuuzia huwa na adhabu ya kuvunja mapema inayoweza kukaa miaka kumi na zaidi. Na hilo la "haishuki" lichuje vizuri. Ni kweli soko likianguka kiwango wanachokuongezea mwaka huo hakiendi chini ya sifuri, lakini gharama za bima haziendi likizo. Zinaendelea kukatwa kwenye akiba yako kila mwezi, na gharama ya kukukinga hupanda kadiri umri unavyopanda. Mwaka wa sifuri kwenye soko ni mwaka wa hasara kwenye akaunti. Na likipanda sana, mara nyingi kuna kikomo ambacho hupewi zaidi yake.

Dola 180 kwa mwezi ni dola 2,160 kwa mwaka. Kamisheni ya mwaka wa kwanza kwenye bima za namna hii kwa kawaida huzidi nusu ya malipo ya mwaka, na kuna makampuni ambako inakaribia malipo yote au inayapita. Simsemi vibaya kwa kutaka pesa. Choo cha mama yangu kule Tanga kilijengwa na kamisheni. Nasema tu ujue kuna nini upande wake wa meza.

Fanya hivi. Piga simu kampuni yako, waombe makadirio ya bima iliyo hai: akiba iliyopo leo, adhabu ya kuvunja kama ipo, gawio kama lipo, na itakuwaje ukifika miaka 65. Wakupe kwa maandishi. Waulize pia kama wanaweza kuibadilisha kidogo hiyo hiyo, kwa mfano kuongeza kinga au kupunguza malipo. Halafu, ukiwa na karatasi zote mbili mezani, yako na ya kaka, ndipo mlinganishe.

Ukiishia kuhama kweli, pesa zisipite mkononi mwako. Kifungu cha 1035 cha sheria ya kodi ya Marekani kinaruhusu akiba ihamishwe moja kwa moja kutoka kampuni hadi kampuni bila kutozwa kodi ya mapato wakati huo. Tuseme akiba yako ni dola 10,000 na ulicholipa ni 13,680: leo huna faida ya kutozwa. Lakini ukihamisha kwa njia hiyo, ile 13,680 inakufuata kwenye bima mpya kama mtaji wako, na kodi baadaye inahesabiwa juu ya hapo. Ukichukua hundi ukaiweka benki, faida hiyo umeitupa. Watu wachache sana huambiwa hivyo.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Siwezi kukuapia kwamba mbachao wako bado mzima. Nimewahi kuona bima za zamani mbovu kweli kweli, na nimewasaidia watu kuzitoka. Lakini mtu anayekuanza kwa kukufundisha kusema uongo kwenye fomu, mimi simwachii kompyuta yake ifunguke mezani kwangu mara ya pili.

SWALI: Mama, jambo. Miye ni Mkongomani, nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, hapa Iowa. Wakala alikuja nyumbani Jumapili, akanibadilishia bima. Karatasi zote Kiingereza. Mahali pamoja aliniambia niandike herufi za jina langu tu, nikaandika. Bima mpya ilinifikia siku 18 zilizopita. Sasa mtoto wangu ameisoma, anasema pale niliandika kwamba sitaki kusomewa. Miye sikusema hivyo! Ile ya zamani niliacha kulipa mwezi uliopita. Naweza kurudi nyuma? — Baba wa Wanne

JIBU: Jambo, baba. Unaweza, ila una siku 12 na una kazi ya kufanya kwa mpangilio.

Mtoto wako amesoma sawa. Ile notisi niliyomweleza Mama wa Zamu ya Usiku ina mstari mmoja mdogo chini: mteja asiyetaka kusomewa anaweka pale herufi za jina lake. Uliwekwa kwa ajili ya watu wanaojua kusoma na wenye haraka. Mawakala wengine wameugeuza kuwa njia ya mkato, na sisi tusiokulia kwenye Kiingereza ndio hasa tunaoingizwa humo, wakati sisi ndio kanuni ilitaka tusomewe. Ninyi mnaosoma safu hii: pale msiandike kitu. Asome. Kama Kiingereza chake kinakupita, aje siku nyingine ukiwa na mtu wako wa kutafsiri, mtoto wa shule ya sekondari anatosha. Asiwe mwenzake wakala.

Tuje kwako. Bima iliyochukua nafasi ya nyingine ina siku 30 za kuirudisha tangu ulipokabidhiwa, na lazima kampuni iliyokuuzia ikwambie hivyo. Ukirudisha ndani ya siku hizo unarejeshewa malipo yote uliyolipa, pamoja na ada, bila kuulizwa sababu. Kwa aina zinazofuata uwekezaji moja kwa moja hesabu ya marejesho ni tofauti kidogo, ila kwa bima ya kawaida ni pesa yako yote. Wasomaji wa New York, kwenu chini ya Kanuni ya 60 ni siku 60. Majimbo mengine, angalieni ukurasa wa kwanza wa bima yenu, ndipo huandikwa.

Lakini baba, usikimbilie kurudisha. Kwanza piga simu kampuni ya zamani leo. Bima nyingi za maisha huvumilia kama siku 31 baada ya tarehe ya malipo kabla hazijafa. Ukiwa bado ndani ya siku hizo, lipa ulichoruka na bima yako inaendelea kama haikutokea kitu. Siku hizo zikiwa zimepita, waulize kuhusu kufufua bima: kwa kawaida mkataba huruhusu hilo kwa miaka kadhaa, ukilipa madeni ya nyuma na ukijibu maswali ya afya. Wakikukubali, omba barua. Ukiishika hiyo barua, ndipo unaandika ya kurudisha mpya: namba ya bima, tarehe uliyoipokea, maneno "nairudisha, naomba malipo yangu yote", saini, tarehe. Peleka posta kwa njia inayokupa risiti ya kufika, ubaki na nakala. Na kama ya zamani imekataa kufufuka, na sukari au presha imeingia tangu siku zile, basi baki na hii mpya. Bima iliyopatikana kwa njia mbaya inaweza bado kuwalisha watoto wanne. Kutokuwa na bima hakulishi mtu.

Malalamiko kuhusu yule wakala ni jambo la pembeni, ila liandike. Idara ya Bima ya Iowa inapokea malalamiko ya watu wa kawaida, bure, huhitaji wakili. Eleza siku aliyokuja, lugha aliyotumia, na kwamba alikuonyesha pa kuandika bila kukueleza maana yake. Wewe huhitaji kuthibitisha nia yake. Hiyo ni kazi yao.

SWALI: Nina bima ya muda inayokwisha baada ya miaka mitatu, haiwezi kuhuishwa wala kugeuzwa kuwa ya maisha yote. Nakata nyingine. Na mimi nisomewe hiyo notisi?

JIBU: Si lazima. Kanuni ya mfano inaziacha nje bima za muda zisizogeuzika ambazo zimebakiza miaka mitano au chini na haziwezi kuhuishwa. Inaacha pia bima ya mkopo, na ile ya kikundi kazini ambako hakuna wakala aliyekuja kukushawishi uso kwa uso. Lakini ungali na wajibu wa kujibu kweli swali la "una bima nyingine?" Unayo.

SWALI: Shangazi, nimebadilisha bima ya gari na hakuna aliyenisomea chochote! Nimeibiwa?

JIBU: Hapana mpenzi. Haya yote ni ya bima ya maisha na anuiti. Bima ya gari unaweza kubadilisha kila ukijisikia, angalia tu mpya ianze kabla ya zamani haijakoma, hata kwa siku moja. Wasiwasi wako umenifurahisha lakini.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni wakala mpya, nimepata leseni miezi minne iliyopita, nauza kwa Waswahili wenzangu. Nikisoma kanuni hizi naona kama kumbadilishia mtu bima ni dhambi. Mkubwa wangu anasema nisimwambie mteja "unabadilisha", nimwambie akope kutoka kwenye bima yake ya zamani alipie mpya, hapo si kubadilisha. Pia anasema mteja aandike mwenyewe barua ya kuvunja ya zamani ili sisi tusionekane. Ni sawa? — Kijana wa Leseni

JIBU: Marahaba, baba. Mkubwa wako anakufundisha vitu viwili, na vyote viwili vimeshaandikwa kwenye kanuni kabla yeye hajavifikiria.

Kuhusu kukopa: kubadilisha bima si kuvunja tu. Ni pamoja na kuiacha ife, kuipunguza kinga au akiba, kuigeuza iwe ndogo iliyolipiwa kabisa, na kutumia pesa zake, ziwe za kutolewa au za mkopo, kulipia mpya. Hilo la mwisho lina jina lake: ununuzi wa kugharamiwa na bima ya zamani. Na kwa kampuni moja kuna hesabu ya tarehe. Pesa zikichotwa kwenye bima ya zamani ndani ya miezi 4 kabla ya mpya kuanza, au miezi 13 baada yake, na zikalipia bima mpya ya mtu huyo huyo katika kampuni hiyo hiyo, inachukuliwa kwamba nia ilikuwa hiyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkopo wenyewe unazaa riba, na mteja akifa kabla hajalipa, deni linakatwa kwenye pesa za wajane na watoto. Nimeona familia zilizodhani zina bima mbili za dola 50,000 zikakuta moja imeliwa karibu nusu.

Kuhusu barua: kumshauri mteja aiandikie kampuni yake kwa namna ya kumficha wakala na kampuni inayobadilisha ni mfano mwingine uliotajwa wazi wa kuvunja kanuni. Adhabu zake ni faini, kusimamishwa au kunyang'anywa leseni, na kupoteza kamisheni. Leseni iliyopotea ni yako, si ya mkubwa wako. Jina lako ndilo liko kwenye fomu.

Kubadilisha bima kwenyewe si dhambi hata kidogo. Mama mmoja mteja wangu alikuwa na bima iliyokuwa inapanda malipo kila mwaka mpaka ikawa inamla. Nilimhamisha, nikalala usingizi. Kijana aliyeacha sigara miaka mitano iliyopita lakini bado analipa bei ya mvutaji, hebu mlinganishie. Ila ufuate njia.

Na njia ni hii. Uliza swali la bima nyingine, ulize tena kwa Kiswahili, maana mtu wetu akisikia neno la Kiingereza hukumbuka ile ya gari tu. Anaweza kuwa na ya kazini, ya mkopo wa nyumba, na ile ndogo ya mazishi aliyokatiwa na dada yake. Andika jibu alilosema, si lile ungependa. Msomee notisi, yote, taratibu. Sehemu ya maswali ya kujiuliza ndiyo nzuri kuliko zote: malipo yanaweza kubadilika? Afya yako imebadilika? Itachukua muda gani akiba mpya kufikia ya zamani? Kuna kodi? Msomee kwa Kiingereza kilivyoandikwa kisha mweleze kwa Kiswahili, wala usione aibu kusimama ukanywa maji.

Siku hiyo hiyo ya maombi mwachie nakala za kila ulichotumia kumuuzia. Vilivyokuwa kwenye skrini lazima avipate kwa karatasi, mwisho wake ni siku unapomkabidhi bima. Na usinidanganye kwamba ile karatasi uliyomchorea mishale jikoni haihesabiki. Kilichotengenezwa kwa ajili ya mteja mmoja, makadirio yakiwemo, nakala yake inakwenda kwa kampuni pamoja na maombi, na orodha ya vile vya kampuni ulivyoonyesha. Picha za faida ulizomtumia WhatsApp usiku? Kama ni za kuuzia, nazo ni za kuuzia. Kampuni inakaa na kumbukumbu hizi kwa miaka, na mkaguzi akija huwa anaanza na faili jembamba kuliko yote.

Usimwambie aache ya zamani mpaka mpya imetoka, ameishika, na mmepitia pamoja maswali ya afya yaliyoandikwa humo. Mimi nilikuwa namwambia mteja aendelee kulipa zote mbili angalau mwezi mmoja. Wanalalamika, wanalipa.

Halafu kuna ule mstari wa sababu kwenye notisi. Mawakala huujaza wenyewe garini: "faida bora", "malipo nafuu", maneno yanayofanana faili zote. Wewe ujaze mbele ya mteja, kwa maneno yake. Muulize, "Mama, kwa nini unaiacha ile?" Akisema kitu cha maana, kiandike. Akikaa kimya, au akisema "kwa sababu umesema wewe", funga kompyuta. Akikukaribisha chai, kunywa, shukuru, nenda nyumbani.